Siku Babu Alipoinuka na Kigoda Chake

Wiki iliyopita nililala katika nyumba ya wageni kule Kisumu, na kijana wa mapokezi akaniwashia dawa ya mbu, ile ya kijani inayoungua polepole ikijizungusha. Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Wale wa rika langu mliokulia milimani kwetu hamhitaji kuelezwa. Ile ilikuwa pareto. Ni yale maua meupe tuliyochuma kabla ya kwenda shule, yakaanikwa kwenye mikeka mbele ya kila nyumba huku kwetu Nyaramba, na harufu yake ilikausha koo na kuingia katika kila kitu. Mama yangu alinukia pareto. Lesso zake zilinukia, nywele zake, hata Biblia yake. Ningependa kusema kwamba harufu ile ilinijaza upendo, lakini mimi na nyinyi tumezeeka mno kudanganyana. Kilichonijia kwanza ni aibu, ile ile ya darasa la nne, na ilinikuta nikiwa bibi mwenye wajukuu na meno ya kubandika.

Baba yangu alikuwa diwani. Uhuru ulikuwa bado mpya, na diwani siku hizo alikuwa mtu kweli kweli. Alikuwa na suti mbili na pikipiki, na alizungumza Kiingereza na DC, mkuu wa wilaya, bila kukwama. Kwa akili yangu ya kitoto, mke wa mtu kama huyo alipaswa kukaa kwenye kiti cha mikono, avae viatu, apokee wageni kwa chai ya maziwa. Nilikuwa nimewaona wake za wakubwa mjini Kisii wakishuka garini na mikoba yao. Mama yangu hakushuka garini. Mama yangu alitembea kwa miguu, viatu mkononi visije vikaharibiwa na matope, kikapu kichwani, akienda kuwaambia watu wachimbe vyoo.

Ndiyo, vyoo. Alikuwa amesoma kwa wamishonari, akafundisha ushonaji kidogo kabla ya kuolewa, na baba alipochaguliwa, yeye akaona kwamba naye amechaguliwa. Hakuna aliyemwambia hivyo. Alianzisha kikundi cha akina mama hapa kwetu, kingine ng'ambo ya mto, na baadaye akawa anaalikwa mpaka Marani, mpaka Ogembo, huko ambako hata baba hakuwa na kura. Aliwafundisha wanawake kuchemsha maji ya kunywa na kupanda mboga nyuma ya jiko. Mjane mmoja alipofukuzwa na shemeji zake, mama alienda kwa chifu, akaketi kwenye nyasi za chifu, akakaa pale mpaka chifu akachoka kumtazama. Aliingia katika maboma ya watu kuuliza kwa nini binti fulani ametolewa shule. Na popote alipouliza hilo, aliuliza pia choo kiko wapi.

Shuleni waliniita Mtoto wa Mama Choo. Nikipita, wavulana waliziba pua. Nililia, nikamwomba mama aache mambo hayo, au basi azungumze habari za maua na vitambaa vya meza. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniuliza wale wavulana kwao kuna choo, nikamtajia mmoja ambaye kwao hakukuwa na choo, na Jumapili iliyofuata mama alikuwa kwao. Niliapa sitamwambia kitu tena maishani mwangu.

Lakini vyoo ningevizoea. Kilichoniumiza zaidi kilikuwa nyumbani, kati ya mama na babu.

Babu, baba yake baba, aliishi boma moja nasi, nyumba yake ikiwa upande wa juu karibu na zizi. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na popote alipokwenda alibeba kigoda chake chini ya kwapa, maana hakupenda kukalia vitu vya watu. Kati yake na mama kulikuwa na chinsoni. Kwa wasiokuwa wa kwetu nieleze kidogo: chinsoni ni haya ya heshima iliyopo kati ya mtu na watoto wake, na inazidi sana kati ya mwanamke na baba mkwe wake. Babu hakuwahi kukanyaga ndani ya nyumba ya mama. Wakikutana njiani, mama aliingia kwenye nyasi, akageuka upande, mpaka mzee apite. Hawakula wakionana. Na kuna mambo, yale ya mwili na ya kitandani na ya uzazi, ambayo hayangeweza kutajwa mmoja akiwa karibu na masikio ya mwenzake.

Hata maneno ya kawaida hawakuambiana moja kwa moja. Yalipita kwangu. Babu aliketi nje akitazama ng'ombe, mama akasimama ng'ambo ya ua, na mimi katikati. Mama alisema, Moraa, mwambie babu yako mvua imetoboa paa la ghala. Nikageuza kichwa, nikasema, babu, mama anasema mvua imetoboa paa la ghala. Babu akasema, mwambie nimesikia. Nikageuka tena. Wote wawili walikuwa na masikio mazima, na hatua zilizowatenganisha ni za kuku.

Hakuna aliyenieleza maana ya yote haya. Siku hizo watoto hawakuelezwa, walikatazwa tu. Basi nikajieleza mwenyewe. Niliona watu wawili wa boma moja wanaokimbiana, na anayekimbia zaidi ni mama, na anayeinamisha kichwa ni mama. Nikaamua kwamba mama alimkosea babu jambo kubwa kabla sijazaliwa. Baada ya kufikiri sana nikachagua kibuyu: alivunja kibuyu cha maziwa cha babu, kile cha marehemu mama yake babu, na tangu hapo hajasamehewa. Nilikiamini kibuyu hicho kama nilivyoamini Mwanzo na Kutoka. Kila mama alipoingia kwenye nyasi ili mzee apite, nilimwonea aibu, nikitazama kando watu wasijue ni wangu.

Sasa niwaambie kuhusu mama mdogo Kerubo, mke wa ndugu mdogo wa baba. Alikuwa bado msichana kwa kweli, mcheshi, ndiye aliyenifunza kusuka. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika asubuhi, wakaja wanawake wanaojua kuzalisha, na kufikia adhuhuri nyuso zao zilikuwa zimebadilika na mama alikuwa ameitwa. Sisi watoto tulifukuzwa. Nilijikuta zizini, na babu alikuwa hapo, amesimama, hajakaa kwenye kigoda.

Nyumba ya Kerubo ilikuwa karibu. Tulimsikia. Babu aliniita akaniuliza mama yangu anafanya nini huko. Nikasema anachemsha maji. Baada ya muda akauliza tena, bado anachemsha maji? Nikasema bado. Hakuweza kuuliza lingine. Aliendelea kuniuliza habari za maji yale mchana kutwa, na mimi nikamjibu, na yule binti akilia ndani.

Zahanati yetu siku hizo ilikuwa na bandeji na dawa ya minyoo. Hakukuwa na chumba cha kuzalia wala muuguzi wa kazi hiyo. Ikabidi wamfunge Kerubo kwenye kiti, kiti chenyewe kikafungwa kwenye miti miwili, wanaume wanne wakakibeba kuelekea Kisii huku mvua ikinyesha. Mama alikwenda nao. Walirudi kabla ya jua kuzama, na tulijua kabla hawajafika langoni, kwa sababu hawakuwa wakikimbia. Mtoto naye alikuwa bado ndani yake.

Baada ya mazishi mama alibadilika. Aliacha kucheka na vikundi vyake. Kila alikokwenda neno lilikuwa moja: zahanati ijengewe wodi ya uzazi, yenye vitanda na muuguzi, wanawake waache kufia njiani. Vikundi vyote vilikubali. Tatizo ni kwamba hakuna mwanamume aliyekuwa tayari kulisema jambo hilo mahali penye wazee. Lilikuwa jambo la aibu. Baba mwenyewe alisema litashughulikiwa, na alivyolisema nilijua halitashughulikiwa.

Kisha tukasikia DC anakuja kufanya baraza kwenye uwanja wa zahanati. Jioni moja baba alimwambia mama mezani kwamba ataombwa awashukuru wageni kwa niaba ya akina mama. Aseme habari za mboga na cherehani, aimbishe wimbo mmoja, akae. Mambo ya ndani ya wanawake asiyalete mbele ya wazee. Mama alimmiminia chai, akasema amesikia. Mimi nilikuwa nimebeba maneno ya watu kwa miaka, nikajua kwamba kusikia si kukubali.

Siku ya baraza baba aliwapanga wazee mbele, na kwa kuwa alikuwa mwana mwenye heshima, alimweka babu katikati kabisa, akitazamana na mahali pa kuzungumzia. Babu alikataa kiti, akaweka kigoda chake. Baba hakuona kosa lolote. Alikuwa amekulia bwenini, kisha mjini, kisha mikutanoni, na mambo ya nyumbani alikuwa anayajua kwa kuambiwa tu. Mama aliliona kosa mara moja. Nilimwona akisimama ghafla alipotoka katikati ya wanawake na kugundua ni nani ameketi mbele. Alivuta lesso mabegani, akaenda hivyo hivyo.

Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, macho chini. Alimsalimu DC, akawasalimu wazee bila kutaja jina la yeyote. Akasema habari za mboga. Akasema habari za cherehani. Nikaanza kupumua. Halafu akasema leo hakuja kwa sababu ya mboga.

"Katika boma letu kulikuwa na mwanamke anaitwa Kerubo," akasema. "Alishikwa na uchungu asubuhi."

Babu akainuka. Alijifunga blanketi lake vizuri, akaokota kigoda, akakitia chini ya kwapa, akampa mama mgongo. Akapita katikati ya wanaume, hana haraka, fimbo ikigonga chini, akaelekea kwenye mikaratusi nyuma ya zahanati. Mzee mmoja alisonya. Mvulana wa darasa la tano nyuma yangu akasema Mama Choo amemfukuza mzee wa watu, na wenzake wakacheka.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Nyinyi mnaosema watoto hawajui aibu, mmesahau. Nilijiambia kibuyu kilikuwa kitu kidogo, hili sasa halitasamehewa mpaka mwisho wa dunia. Na nilimkasirikia mama, si mzee aliyesonya, si wale wavulana. Nilimtazama amesimama pale mdomo wazi kidogo, nikamwona mshamba.

Baba alifika mbele akitabasamu. Akakichukua kipaza mikononi mwa mama, polepole, kama mtu anayempokea mgeni mzigo. Alisema mke wake amechoka, ana msiba, akawaomba wazee na Bwana DC wamwie radhi. Halafu, kwa kuwa alikuwa mwanasiasa na hawezi kushika kipaza bure, akasema shida kubwa ya watu wa hapa ni kupe, mifugo inakufa, tunaomba dipu ya kuogeshea ng'ombe. DC alionekana kufurahi kwamba mazungumzo yamefika kwa ng'ombe. Akaahidi dipu hapo hapo. Wanaume wakapiga makofi kwa muda mrefu. Mama alirudi kwa wenzake, akaketi kwenye nyasi, akajifunika lesso mpaka usoni. Hakuna mwanamke aliyemwimbia DC wimbo wa kumuaga.

Jioni ile nilikuwa nafunga kuku wakati babu aliponiita zizini. Alikuwa ameketi vizuri, na uso wake ulikuwa umetulia kuliko nilivyouona tangu mazishi.

"Mama yako alimaliza?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Nikamuuliza kumaliza nini.

"Maneno yake. Aliyamaliza?"

Nikamwambia hapana, baba alimchukulia kipaza ulipoondoka. Babu alinitazama.

"Lakini walipiga makofi," akasema. "Niliyasikia kule kwenye miti. Walipiga sana."

"Yalikuwa ya dipu, babu."

Polepole aliniambia lile jambo ambalo uwanja mzima wa watu wazima haukulielewa, pamoja na mwanawe. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amesikia jina la Kerubo, akajua yanayofuata ni yapi, na akajua akiendelea kukaa pale mke wa mwanawe ama atafunga mdomo ama atajivunjia heshima. Basi akamwondolea masikio yake. Alikwenda nyuma ya miti, akaketi akitazama upande mwingine, akasubiri amalize. Aliposikia makofi alirudi nyumbani akiwa na furaha.

"Nilimpisha," akasema. "Nenda ukamwambie mama yako. Mwambie nilimpisha."

Nilikimbia. Mama alikuwa jikoni, moto umezimika nusu, hajaweka sufuria. Nikasema, mama, babu anasema alikupisha. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa.

"Najua," akasema. "Alipoinuka nilimshukuru Mungu. Nilikuwa navuta pumzi ndipo nianze vizuri."

Ule mdomo wazi ambao mimi niliuona ni ushamba, ndiyo ile pumzi. Kibuyu changu cha miaka yote kilivunjika pale jikoni, nikaelewa kwamba hakuna aliyemkosea mwenzake, kwamba wawili hawa walikuwa wakilindana tangu siku mama alipoolewa, na kwamba mimi niliyesimama katikati yao sikuona kitu. Nilimwendea nikamshika lesso. Aliniambia nilete kuni.

Dipu ilijengwa haraka. Ng'ombe wana bahati katika nchi hii. Siku ya kufunguliwa baba alivaa suti mpya, na kila mwenye ndama alimleta. Babu hakuleta. Asubuhi ya siku ya dipu alitoa ng'ombe wake kabla ya umande kukauka, akapita nao mbele ya dipu ya mwanawe, mbele ya watu wote waliopanga foleni, akaenda mpaka dipu ya zamani ng'ambo ya mlima, safari ya kutwa kwa mzee na mifugo. Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Watu walianza kumcheka baba sokoni. Diwani gani huyo, wakasema, hata babaye hataki maji yake.

Babu hangeweza kumweleza. Kati ya baba na mwanawe pia kuna maneno yasiyopita, na yale ya Kerubo yalikuwa hayo hayo. Baba alivumilia, akakasirika, akanuna, halafu siku moja alinikuta peke yangu kwenye pareto, akachuchumaa karibu nami na viatu vyake vizuri.

"Moraa, wewe ndiwe unayezungumza na mzee," akasema. "Ana nini na mimi?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu mikaratusi na makofi. Alikuwa ameshika ua mkononi, na nilipofika kwenye makofi akaanza kulinyofoa petali zake moja moja. Sijawahi kuuona uso wa mtu mzima ukifanya vile. Nilitazama chini kwa ajili yake.

Jioni alikwenda jikoni. Siku hizo mwanamume hakuingia jikoni kwa mkewe, basi akasimama mlangoni, ameinama kwa sababu paa lilikuwa fupi. Mama alikuwa anasonga ugali na hakugeuka.

"Kumbe mzee alikupisha," baba akasema.

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia pale pale?"

Mama aligeuza ugali, akaupigapiga ukae mviringo.

"Kipaza ulikuwa nacho wewe, Baba Moraa."

Mimi nilikuwa pembeni na kuni, na nilimwonea baba aibu iliyopita zote nilizowahi kumwonea mama, kwa sababu hii ilikuwa ya haki na hakukuwa na mahali pa kuipeleka. Baadaye alisema atamwendea DC. Alikwenda, akaambiwa mwaka huu eneo letu limekwisha kupata chake, nacho ni ile dipu. Alirudi akatuambia hivyo bila kumtazama yeyote. Mwishowe wodi ilijengwa, nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, wanawake wa mama wakiwa wamebeba mawe kutoka mtoni kwa migongo yao. Leo ukiuliza watu wa kwetu watakwambia aliyeileta ni diwani. Baba aliwasikia wakisema hivyo mpaka alipokufa, na kila mara alikuwa akiondoka mahali hapo.

Lakini ninayotaka kumalizia ni ya kabla ya wodi, mvua za mwaka uliofuata lile baraza. Mama alikuwa Marani kwenye mkutano wake. Baba alikuwa na wageni sebuleni, watu wa kampeni, wanakunywa chai. Tukasikia mbio na kelele barabarani. Kilikuwa kiti tena, mwanamke wa boma la chini, mchanga kama Kerubo, amefungwa kwa lesso, na wabebaji wanapiga kelele wapishwe. Mbele ya lango letu mmoja wao aliteleza, kifundo kikageuka, akashindwa kuinuka. Baba alitoka na kikombe mkononi. Alitazama kiti, akatazama mti wa kubebea ulioachwa chini. Akaweka kikombe juu ya ukuta, akaingia chini ya ule mti na suti yake, wakaenda. Wageni walibaki wanatazamana.

Mama alirudi kabla yake. Baba alifika giza likiingia, suruali imeganda matope mpaka mapajani, bega la koti limechanika. Hakwenda sebuleni. Alikuja jikoni, na safari hii hakusimama mlangoni. Aliinama, akaingia, akaketi juu ya kuni zangu, akaanza kuzungumza bila salamu.

Alisema mwanamke amefika hospitali, daktari amesema atapona. Alisema mtoto alitoka njiani, mtoni, kiti kikiwa majini, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu, ndiye aliyempokea, kwa koti. Alikuwa msichana. Alisema hakujua la kufanya na mikono yake. Alitaja damu, akataja kila kitu kwa majina yake, majina ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwa mwanamume, na alikuwa amesahau kwamba mimi nipo. Alisema yule binti alimshika mkono akimwita mama, mama, na yeye akaitika, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuitika. Alisema mtoto alipumua kidogo. Alilirudia hilo. Alipumua kidogo, halafu basi.

Kuna mahali alikwama kabisa, mdomo wazi, macho kwenye moto, nikadhani mama atamwambia nyamaza, au pole, au nilikwambia. Alikuwa na haki ya kusema lolote kati ya hayo. Mama aliweka mwiko chini. Akavuta kigogo, akaketi mbele yake, magoti yao yakikaribiana, akatulia. Hakumkatiza kwa neno lolote. Alimwacha amalize.